Boriti za Dada Yako

Mwanangu Sefu,

Salamu nimekupa mchana kutwa, sina haja ya kuzirudia hapa. Umetoka na babako kwenda kuchukua cheti cha safari, na mwalimu wako akiwashika kwa maneno yake hamtarudi kabla ya magharibi. Nimepata nafasi. Esha dada yako yuko jikoni, mimi niko ukumbini na kalamu yako ile ya zamani iliyopinda ncha, nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu, ulizozisoma katika chuo cha Kurani kabla hujazijua hizo nyingine. Nimefanya kusudi. Barua hii ukienda nayo huko, sitaki kila atakayefungua sanduku lako aweze kuisoma. Huko bara siku hizi watu wanapekuliwa njiani, na mimi sijui nani atapekua nini.

Asubuhi ulipiga magoti mbele yangu ukaniomba radhi, nami nikakuambia ngoja. Nilikuona uso ulivyokubadilika. Babako alikupa yake kabla hujamaliza kuomba. Najua ulijisemea moyoni, mama gani huyu amnyimaye mwanawe radhi siku ya kuamkia safari. Sikukunyima. Nilisema ngoja, na sababu ya kungoja ndiyo hii ninayoiandika. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini siku hizi una majibu mazuri kunishinda, na mimi nikishindwa maneno hupandisha sauti, halafu majirani wakajua yetu. Ya nguo, ya chakula, ya swala na ya marafiki babako ameshakwambia yote, mpaka ya kufua soksi. Hayo siyagusi.

Nianzie siku ile mwalimu alipokuja na habari. Aliingia dakani, hapo mlangoni, hata hodi hakuipiga sawasawa, kanzu imemganda kwa jasho, akasema umepita, tena umepita vizuri, na serikali itakusomesha chuo kikuu cha Kampala. Babako aliweka msumeno chini akalia. Fundi seremala yule, ambaye patasi imemkata kidole mara ngapi na hajatoa chozi, alilia mbele ya mwalimu na hakuona haya. Mimi nami nilifurahi, usije ukanisingizia. Ila furaha yangu haikupata hata kukaa kitako. Nikamuuliza mwalimu, serikali inataka nini? Akacheka, akaniambia haitaki kitu, inataka vijana waliosoma. Nikamwambia mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi, na sijapata kuona mtu akimpa mwenziwe kitu kikubwa namna hiyo asitake kitu. Babako akanikata jicho, nikaenda zangu kupika kahawa.

Kumbe kilikuwapo kinachotakwa. Ilipokuja ile karatasi ya kutia saini, nilimwambia babako anisomee yote, asiruke. Akafika pale panaposema ukimaliza utafanya kazi ya serikali popote utakapopelekwa, kwa miaka watakayoitaka wao. Akaisoma haraka haraka, sauti ya chini, kama mtu apitaye mbele ya nyumba anayodaiwa. Nikasema, "Rudia hapo." Akarudia. Nikamuuliza, basi ni wetu au ni wao? Akasema mimi nashuku kila kitu, kwamba hata mvua ikinyesha mimi huuliza imetumwa na nani. Akatia saini. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake na mkono wako ulikuwa begani mwake, kwa hivyo najua uliyasikia yote hayo.

Watu walimiminika kutoa hongera, wengine hata sijui tumejuana lini. Katika hao alikuwapo Bi Tima wa Ndau, huyu ajaye kuniuzia mikeka. Yeye hakujua kuna nini. Alitua mzigo, akaomba maji, akauliza mbona nyumba ina watu. Nikamweleza kwamba mwanangu anakwenda chuo kikuu, na serikali ndiyo inayolipa. Akanywa maji yake polepole, akacheka, akasema, "Hongera, shoga yangu. Mume wangu kila mwaka huuza mbuzi alipe kodi, nami nali nikijiuliza yaenda wapi. Yeo nimeijua ndia yake. Yaenda Kampala."

Nami nikacheka kwa kuwa yeye alicheka. Hakuwa na ubaya, Bi Tima, ni mtu wa mzaha. Lakini neno lile lilinikaa kooni mfano wa mwiba wa samaki. Wana wake wamesoma juzuu zao kwa mwalimu wao mzee wa Kurani, wakaishia hapo, kwani Ndau hakuna skuli ya serikali hata darasa moja. Baba yao analipa. Wewe unasoma. Nilipomwambia babako, alisema serikali haina fedha ya kumsomesha kila mtu, basi inachagua wachache wenye akili, inawafikisha juu, na wao wakirudi watawainua wengine. Aliyasema kwa raha kweli, kama vile yeye ndiye aliyeyatunga. Nikamuuliza anijuze ni nani aliyekwenda akarudi kumwinua mtu wa Ndau. Akaniambia nisubiri.

Sasa nije kwenye kile kisa ambacho wewe hutaki kitajwe nyumbani humu.

Tuliambiwa atakuja mtu kutazama hali ya mzazi. Maana yake ilikuwa wazi, na wewe uliielewa kabla ya sisi wote: serikali inataka kujua kama babako hana, ili itoe yote, au kama anacho, ili itoe nusu naye atoe nusu. Aliyetakiwa kuonekana hapa siku ile ni mtu asiye na kitu. Na kweli hatuna kitu. Nyumba hii ya mawe niliachiwa na baba yangu, kuta zake zinamwaga chokaa kila kukicha, na zidaka zake za ukutani unazijua, zilibaki na kibiriti na mswaki wa babako, kwani sahani za kaure za bibi yangu ziliuzwa moja moja tangu kabla hujazaliwa.

Lakini nilisikia neno moja tu, mgeni anakuja. Nikasahau yote. Nikavaa buibui nikaenda kwa Bi Rukia hapo nyuma, nikamwomba sahani zake za ukutani, sinia yake ya shaba na mrashi wa fedha. Hakuniuliza kwa nini, akanipa, na busati lake akaniongeza juu. Esha alisugua sinia mpaka ikawa unajiona ndani yake. Nikapika biriani. Nikafukiza udi mpaka ngazini. Wewe ukaja ukasimama mlangoni ukaniambia, "Mama, mtu huyu anakuja kuona kwamba hatuna." Nikakuambia kutokuwa nacho ni siri ya nyumba, haionyeshwi mgeni, na ukavae kanzu safi. Ulitaka kuendelea, nikakuinulia mkono. Sijakupiga tangu ulipobaleghe na siku ile nilikaribia.

Nilikuwa natarajia mzungu. Akaja kijana wa kwetu, mweusi mwenye uso mzuri, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, akavua viatu dakani bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na niliona kila kitu. Alikula vizuri, akamsifu mpishi, akanawa, akanyunyiziwa marashi. Kisha akainua macho akazitazama zile zidaka, safu kwa safu, bila haraka. Akamuuliza babako, "Vyombo hivi ni vyenu, bwana?"

Na babako angejibu nini? Mtu amlishe mgeni kisha amwambie sahani uliyolia chakula ni ya jirani? Alijibu alivyofunzwa na babake. "Ni vyetu na vyako, bwana. Karibu." Kijana akainamisha kichwa akaandika. Wewe ulinitazama kupitia pazia, na macho yale nayakumbuka mpaka sasa.

Jibu lilipokuja lilisema mzazi anayo nyumba ya mawe ya ghorofa na mali ya kutosha ndani yake, basi serikali itatoa fungu lake naye atoe lake, na asipotoa nafasi itapewa mwingine. Babako alikaa barazani mpaka jua likamhamia, hakuhama. Nilimwambia aende akaseme kweli. Akasema, "Niseme nini? Nimwambie vile nilivyosema vyetu si vyetu?" Nikajua hataenda, na sikumlaumu. Sisi watu wa mji huu twaweza kulala na njaa miezi, ila kulitamka mbele ya mgeni ndiko kusikowezekana.

Basi nilikwenda mimi. Hili babako halijui mpaka leo, ila Esha analijua kwa kuwa tulikwenda sote. Tulipitia vichochoroni tusipite mbele ya maduka, tukatokea upande wa pwani penye ofisi. Baraza imejaa wanaume, waliokuja kwa mambo ya kodi, kila mmoja na karatasi yake mkononi, nami nikasimama katikati yao katika buibui. Nilikuwa na shaka kwamba yule kijana atajifanya hanijui. Hakufanya hivyo. Aliposikia ninatoka nyumba gani alitoka nje mwenyewe, akanipisha mahali pa kivuli, akaniita mama.

Nikasema nilichokwenda kusema. Nilikisema kwa sauti ndogo lakini nilikisema chote, kwamba hatuna, kwamba sahani zile na sinia na busati vyote nilikwenda kuazima.

Akasema, "Najua, mama."

Nilidhani hakunisikia. Nikamuuliza alijuaje.

"Mimi mtu wa Chundwa. Kwetu mgeni akija, mamangu huzunguka mtaa mzima. Hata ile sinia ya shaba, ya kwetu nayo huazimwa kwa jirani."

"Sasa kama ulijua, mbona ukaandika tuna mali?"

Alitazama nyuma, mlangoni, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama, mimi nimeajiriwa niandike ninayoyaona. Ninayoyajua hayana mahali pa kuandikwa."

Aliniambia pia kwamba angeandika vingine angeulizwa amejuaje, na angesema amejua kwa kuwa ni watu wake, na hapo angeambiwa anawapendelea watu wake. Tena jambo lenyewe limeshakwenda Nairobi, halirudi. Nikamuuliza alisoma wapi. Akanitajia chuo hicho hicho uendako wewe. Nikamuuliza kwa fedha ya nani. Akatabasamu, akasema, "Ya serikali, mama." Alitusindikiza mpaka mwisho wa baraza, akawaambia wanaume watupishe njia, akasimama mpaka tumepinda kona. Adabu zake hazikuwa na kasoro hata moja. Mamake amemlea vizuri yule.

Tangu siku hiyo, Sefu, nikikutazama wewe namwona yeye. Ukivaa suruali yako ya pasi namwona. Ukimwita mtu mzima kwa heshima namwona. Kama angekuwa mtu mbaya ningelala usingizi wangu, ningesema mwanangu si mtu mbaya. Lakini yule ni mwema, tena ametoka katika nyumba mfano wa hii, na yote ayajuayo kutuhusu sisi aliyaacha nje ya karatasi kama alivyoviacha viatu vyake dakani. Je, chuoni huko wanawafundisha hivyo, au mtu hujifunza mwenyewe taratibu akishaonja mshahara? Sijui. Nilitaka kumuuliza nikaogopa jibu.

Fungu la babako likapatikana, na wewe unajua lilikopatikana. Uliziona boriti zikitoka kwenda kuuzwa. Kila mwaka tangu Esha mdogo babako alikuwa akinunua kidogo kidogo kwa wakata mikoko, akizipanga uani juu ya mawe zisiguswe na mchwa, na wale watoto wa jirani hawakuthubutu kuzikalia. Kila mtu alijua zile ni ghorofa ya Esha. Kwetu mwanamke haendi kwa mume, mume ndiye ajaye kwake, na asiye na mahali pa kumpokea mume hana neno mbele ya watu wa mume. Harusi ilikuwa iwe mfunguo tatu. Sasa imesogezwa, na watu wa mume wameanza kuuliza kwa upole mpaka lini, na upole wao siupendi.

Hapo ndipo ninapojishuku mimi mwenyewe. Siku mahamali walipokuja kuzibeba, Esha ndiye aliyewafungulia mlango wa uani. Mimi nilijifungia chumbani. Nikamsikia anawaambia, "Na zile zilizoegemea ukuta pia, msizisahau," sauti yake kavu kabisa. Walipoondoka nilitoka nikamwambia asiwe na wasiwasi, nduguye akirudi na elimu yake atamjengea ghorofa kuliko ile. Akaniambia, "Ndiyo, mama." Akaenda kufagia pale zilipokuwa.

Nikabaki nimesimama. Maana nililomwambia Esha ndilo hilo hilo babako alilonieleza kwa ajili ya watu wa Ndau. Toeni nyinyi sasa, mmoja wenu apande, akirudi atawapandisha. Serikali nilikuwa naitilia shaka, babako nilimtolea kauli, kisha ilipofika zamu yangu nikalisema neno lao neno kwa neno, nikimwambia mtoto wangu mwenyewe. Na kama vile mume wa Bi Tima hakuulizwa fedha ya mbuzi wake iende wapi, Esha naye hakuna aliyemuuliza. Babako alimwarifu. Mimi nilimtuliza. Wewe ulimtazama ukashusha macho.

Tena Esha huyu! Unakumbuka ulipokuwa ukisoma hesabu kwa sauti hapa ukumbini, yeye yuko jikoni anapepeta mchele, ukikosea anakurekebisha kutoka huko huko? Ulikuwa ukikasirika, unamwambia anyamaze, na jibu lake ndilo lililokuwa sawa. Lilipofunguliwa darasa la wasichana mwalimu alikuja hapa mara nyingi kumwombea. Nikakataa. Nilisema wanataka wana wetu wa kike watoke nje wazoee macho ya watu, na nyuma ya jambo lile kuna jambo jingine. Babako alikuwa tayari kukubali, mimi ndiye niliyeziba njia. Sikwenda hata siku moja kulitazama darasa lenyewe likoje, nani anafundisha, wanakaa wapi. Nilikaa humu ndani nikashuku, na binti wa Bi Rukia akaenda, na leo anaandika na kusoma herufi zote mbili na hakuna lililompata.

Basi usinielewe vibaya. Sikuambii uache kushuku. Shuku, mwanangu. Ukipewa kitu uliza kimetoka kwa nani, ukisifiwa uliza wanataka ufanye nini, ukiambiwa umechaguliwa uliza ni nani hakuchaguliwa. Mimi katika hilo sitajuta mpaka nifukiwe. Nilichokosea kwa Esha ni kwamba nilishuku nikabaki nimekaa. Kwa yule kijana karani nilishuku, nikavaa buibui nikaenda nikamtazama usoni, na ingawa sikupata nilichokitaka, angalau najua ni kitu gani kinachonitisha. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa vitu vyote kwa pamoja, na hilo linachosha sana.

Nilikuwa nikiogopa hutarudi. Wanawake wote wa mtaa huu wakija kunifariji hunifariji kwa hilo, eti utarudi tu, nitakuona tu. Mimi hilo silo linalonikosesha raha. Naogopa utakavyorudi. Naogopa siku ambayo serikali itakutuma kwenye nyumba ya mtu, labda Ndau, labda Chundwa, labda hapa hapa, ukae juu ya busati la kuazima ule chakula cha watu, ukijua wazi unayoyajua, kisha uandike mengine. Watakuambia ndiyo kazi. Nawe utakuwa umesomeshwa kwa kazi hiyo, saini ya babako ipo. Utafanyaje? Sikuulizi ili unijibu, wala sitaki uniahidi kitu. Kuahidi ni rahisi ukiwa na miaka kumi na tisa na tiketi ya basi na ya treni mfukoni. Nataka tu ujue kwamba mimi nimekwisha kukuona umekaa pale, na kwamba sikupenda nilichokiona.

Nakupenda, Sefu. Niliandike hili pia, kwa kuwa barua hii imejaa maneno makali na wewe una tabia ya kusoma makali tu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilala na mkono wako ndani ya mkono wa kanzu ya babako, asiweze kuondoka bila wewe kujua. Wewe nawe ulizaliwa na shaka, umeirithi kwangu, nami nilifurahi nilipoiona. Siku hizi naona umeanza kuiamini kila karatasi yenye muhuri, na naogopa huko uendako watakumalizia iliyobaki.

Sasa hiyo radhi. Umezunguka mji mzima wiki hii ukiwaomba watu radhi. Umemwomba babako, umemwomba mwalimu, umekwenda kwa Bi Rukia, umekwenda kwa wajomba mpaka kwa yule asiyesikia, ukamkaribia sikioni ukapiga kelele. Umeniomba mimi. Nimekufuata kwa macho mtu kwa mtu, nikingoja uingie jikoni, na hukuingia. Hakuna amwombaye radhi dada yake mdogo, najua, si desturi. Dada mdogo huambiwa kwaheri akalia kidogo, basi.

Lakini aliyekulipia fungu la pili ni yeye. La kwanza amelipa mume wa Bi Tima na wengine ambao hutawajua, hao nenda nao rohoni, huna namna ya kuwafikia kabla ya basi la kesho. Huyu mmoja yuko ndani ya nyumba hii. Ana unga mikononi, anakupikia mkate wa safari. Nenda ukakae chini pale, juu ya kile kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, umuulize lile ambalo hakuna aliyemuuliza: je, umeridhika boriti zako zinipeleke mimi? Umuulize kama mtu anayeweza kuambiwa hapana. Umwache ajibu, na usimwambie utamjengea.

Akikuridhia, mimi nimeshakuridhia, dunia na akhera, na wala huna haja ya kurudi kupiga magoti. Akikukatalia, hutakwenda. Mimi ndiye nitakayekwenda kwa mwalimu na kwa yule kijana wa Chundwa kuwaambia, na babako nitasemezana naye. Usidhani natishia. Kuvaa buibui kwenda ofisini nimeshajifunza.

Naisikia sauti ya babako mtaani, anamwamkia Bi Rukia. Nitakupa barua hii hapo dakani kabla hujavua viatu. Isome ukiwa umesimama, kisha upite jikoni. Kwangu usije kwanza.

Mamako,
Zena